Robo Inchi Iliyozidi

Jumatatu, 4 Machi

Nimeanza kuandika tena. Si kwa kupenda. Nataka pawe na ushahidi, maana yanayoendelea humu ndani si bure.

Binti yangu anaondoka Jumapili. Anamfuata mumewe, aliyepata kazi mbali, safari ya siku mbili kwa basi. Anaondoka na mjukuu wangu wa miezi minne, ambaye ndiyo kwanza ameanza kunijua. Juzi alinishika ndevu akacheka. Leo hii anapelekwa kwa watu wasio na ndevu!

Binti anataka mfarishi wa viraka wa kumfunikia mtoto. Viraka vya nguo zetu wenyewe, suruali zangu kuukuu na magauni ya mama yake. Anasema anataka mtoto alale kwetu hata akiwa huko. Nilitoka nje nikajifanya naangalia mawingu. Machozi yalinitoka, siwezi kusema uongo kwenye daftari langu mwenyewe.

Nikarudi nikasema kazi hiyo ni yangu. Mimi ni fundi suruali, huu mwaka wa thelathini na moja. Mke wangu akasema nusu. Miraba iko kumi na sita, minane nitashona mimi, minane amempa mdogo wake.

Huyo mdogo wake, shemeji yangu, ni mwalimu mstaafu wa ushonaji. Mimi humwita Bi Rula, ila si mbele yake. Hatembei bila rula. Alifika saa nne asubuhi na mkoba, rula ya plastiki, pasi yake mwenyewe, na kibao cha kupigia pasi alichokizungushia taulo. Mtu na pasi yake ndani ya nyumba ya fundi! Ana maana gani?

Akanikabidhi karatasi. Maelekezo! Kila mraba una viraka tisa. Mshono uwe robo inchi kutoka ukingoni. Mraba ukikamilika, kabla ya kuunganishwa na mwenzake, uwe inchi tisa na nusu kila upande. Na chini, kwa wino mwekundu: pasi ibandikwe, iinuliwe, isiburutwe. Mshono ulazwe upande wa kitambaa chenye rangi iliyokoza.

Mimi nafundishwa pasi. Mimi, ambaye watu wamekwenda kufunga ndoa na mikunjo yangu. Nimeikunja karatasi mara nne nikaiweka chini ya mguu wa meza inayoyumba. Meza imetulia. Kwa hiyo haikuja bure.

Jumanne, 5 Machi

Nimeshona miraba minne kabla ya saa sita. Mshono umenyooka hadi nikajipongeza kwa sauti. Nikapima kila mmoja kwa futi kamba yangu. Inchi tisa na nusu! Kila upande! Nimeandika hapa ili isije ikakanushwa.

Kisha pasi. Nikatumia pasi yangu ya chuma, nikalowesha kitambaa cha juu, nikaegemea kwa uzito wote, mbele nyuma, mbele nyuma, mpaka mvuke ukafika darini. Mishono yote nimeifungua katikati, sikio huku sikio huku, kama paja la suruali. Miraba ikalala chali. Haina hata kikunjo.

Saa nane nikaipeleka chumba cha nyuma, anakoshonea na kulala Bi Rula. Akaweka rula. Akapima upande mmoja, akapima wa pili. Akaguna.

Aliguna tu! Nikamwuliza kuna nini. Akasema kwa upole kwamba imezidi robo inchi, na mmoja umefanya kitambi pembeni.

Robo inchi! Mimi nimepima mwenyewe kwa macho yangu. Mezani kwangu ilikuwa tisa na nusu. Mezani kwake imekuwa tisa na robo tatu. Kati ya meza yangu na meza yake kuna hatua kumi na mbili na pazia moja. Kitambaa hakikui njiani. Kuna mkono wa mtu.

Nimemweleza mke wangu. Ameniuliza kama nilipima kabla ya pasi au baada ya pasi. Swali la ajabu. Nani amemtuma aulize hivyo?

Jumatano, 6 Machi

Nimeligundua. Ni rula.

Rula ya plastiki, tena inayoonyesha upande wa pili. Kitu ambacho hata chenyewe hakijiamini. Imekaa miaka mingi karibu na pasi ya moto. Lazima imesinyaa. Rula ikisinyaa, kazi ya mtu mwaminifu inaonekana imezidi. Na mwenye rula analijua hilo vizuri sana.

Saa tano Bi Rula alikwenda sebuleni kunywa chai na dada yake. Nikapita chumba cha nyuma kwa vidole vya miguu. Nikaichomeka rula ndani ya mguu wa suruali na kutoka. Sikuweza kukunja goti. Mke wangu akaniuliza kama nimeumia. Nikasema ni baridi. Akaniangalia kwa muda mrefu, maana jua lilikuwa linawaka.

Nikailinganisha na futi kamba yangu. Ziko sawa.

Nikajua hapohapo kwamba na futi kamba yangu imeshaharibiwa. Nikachechemea hadi kwa muuza vifungo, duka la pili kutoka kwetu, rafiki yangu wa siku nyingi. Nikamwomba futi kamba mpya, ambayo haijatoka kwenye karatasi yake. Tukazilaza zote tatu kwenye kaunta. Sawa! Zote tatu! Muuza vifungo akasema basi tatizo limekwisha. Nikamwambia tatizo ndiyo linaanza. Vitu vitatu visivyojuana vikisema jambo moja, hapo pana mpango. Akaniuliza kama nimekula.

Nikarudi nyumbani, nikakuta hapakaliki. Bi Rula anatafuta rula yake. Mke wangu anainua mito. Binti anatafuta chini ya mtoto. Nikajikaza kisabuni nikaungana nao kutafuta, na baada ya muda wa heshima nikaipata nyuma ya kochi.

Bi Rula akanishukuru. Akasema, "Shemeji, bila wewe leo ningekwama." Alitabasamu mpaka jino la mwisho. Sijakaa kwa amani tangu wakati huo.

Miraba yangu minne iliyobaki nimeimaliza jioni. Safari hii niliegemea pasi zaidi, kuibana isitanuke. Imezidi robo inchi na nusu yake.

Alhamisi, 7 Machi

Leo nimefanya upelelezi.

Chumba cha nyuma kina dirisha linalotazama ukuta wa jirani. Nikageuza ndoo, nikapanda, nikashika nyundo ili nikionekana nionekane nina kazi.

Niliyoyaona nayaandika kwa mpangilio. Anashona viraka viwili. Kabla ya kuvifungua, anabandika pasi juu ya mshono ukiwa umefumba, anahesabu kwa midomo hadi tano, anainua. Kisha anafungua, anaulaza mshono kwa ukucha upande wa kitambaa kilichokoza. Anabandika. Anahesabu. Anainua. Hasukumi! Havuti! Hatumii maji hata tone! Anasogeza pasi hewani kama mtu anayepiga mhuri barua. Halafu anaweka kamusi nene juu ya mraba hadi upoe. Ndipo anapima.

Safu moja anailaza mishono kulia, safu inayofuata anailaza kushoto. Hapo nikaona nimemkamata. Mtu mnyoofu angelaza yote upande mmoja.

Nikasogea nione hiyo kamusi ni ya lugha gani. Kitako cha ndoo kikaachia. Mguu ukaingia ndani mpaka gotini, nyundo ikaenda kwa jirani.

Mke wangu alikuwa wa kwanza kufika. Akauliza nafanya nini. Nikasema narekebisha wavu wa dirisha. Akasema dirisha hilo halina wavu. Nikasema ndiyo maana.

Bi Rula akatoa kichwa dirishani. Hakucheka. Ningependa angecheka. Akasema kama ninataka kuona, niingie ndani nikae kwenye kiti. Nikakosa pa kutokea. Nikaingia na ndoo yangu.

Akanionyesha. Akasema, "Shemeji, mishono yako imenyooka kuliko yangu. Kosa ni pasi. Suruali unaivuta ili ikae. Kiraka ukikivuta kinakwenda, na hakirudi." Akasema tena kwamba nguo za zamani zimelegea, hasa magauni ya dada yake, na maji ya moto yanazilegeza zaidi. Akanipa kiraka nijaribu. Nikabandika, nikainua. Nikabandika, nikainua. Nilijiona kama ninaiogopa nguo.

Nimetafakari mchana kutwa. Amenisifu. Mshindani wako hakusifu ila ana lake. Ananitaka nipige pasi ya uvivu ili mishono yangu ivimbe, na siku ya kuunganisha binti aguse, aseme huu uvimbe ni wa baba. Thubutu!

Ijumaa, 8 Machi

Leo ndiyo siku ya kuunganisha. Nilikuwa na mpango tangu alfajiri. Ni mpango mzuri, bado nasema hivyo.

Miraba yangu mikubwa, yake midogo. Kila mtu anasema yangu ipunguzwe. Hakuna hata mmoja aliyefikiria yake iongezwe! Saa mbili wanawake wote walimpeleka mtoto kliniki. Nikafunga mlango. Nikachukua miraba ya Bi Rula, nikawasha pasi yangu, nikalowesha kitambaa, nikaegemea. Mbele nyuma, mbele nyuma. Ikakubali! Ikatanuka mbele ya macho yangu. Kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu nikapiga mluzi.

Nilikuwa nimefika wa tano nikasikia geti. Nikairudisha yote haraka. Kwa hiyo, kwa ajili ya kumbukumbu: mitano mikubwa, mitatu midogo, minane yangu mikubwa kwa namna yake. Vipimo vitatu katika mfarishi mmoja.

Saa sita tukaipanga kitandani. Haikupangika. Kona moja ikikutana na mwenzake, nyingine inakimbia. Ukibana huku, kule panainuka. Na mishono yangu niliyoifungua katikati haikushikana na ya Bi Rula hata mahali pamoja. Viraka vinavyopaswa kugusana pembe kwa pembe vilikuwa vinapishana kama watu waliogombana.

Binti alikaa ukingoni mwa kitanda na mtoto begani. Hakulia. Ningejua la kufanya kama angelia. Alisema basi, tusihangaike, atanunua blanketi dukani huko aendako, na mfarishi tutafanya wakati mwingine.

Wakati mwingine! Siku mbili kwa basi. Magoti yangu haya. Wakati mwingine mtoto atakuwa anakimbia, ataniona atajificha nyuma ya mama yake na kuuliza yule mzee ni nani. Moyo uliniuma, uliniuma kweli, na wenye kosa walikuwa wawili tu chumbani, mimi na pasi yangu. Nikainamisha kichwa.

Bi Rula alikuwa ameshika mmoja wa ile mitano yake. Aliupitishia kidole gumba, akaunusa. Ulikuwa bado una unyevunyevu. Akaniangalia. Nikaangalia dari.

Akasema kosa ni lake. Akasema pasi yake siku hizi inapanda moto kupita kiasi, huenda ndiyo iliyoivuta. Akamwambia binti asikate tamaa, kesho saa zote ishirini na nne tuko hapa, kitambaa kilichokwenda hubembelezwa kikarudi.

Amejitwisha kosa langu! Mbele ya binti yangu! Kwa nini? Anataka nini kwangu? Nimejiuliza mpaka kichwa kimeniuma. Mtu akikusingizia, unajua pa kumshika. Akikusitiri, humpati pa kumshika kabisa.

Jumamosi, 9 Machi

Kazi tangu saa kumi na mbili asubuhi. Pasi yangu imefungiwa kabatini na mke wangu. Ufunguo kautia kifuani. Amesema ni kwa usalama wa mtoto.

Walilowesha miraba kumi na mitatu kwenye beseni. Wakaitandaza kwenye kibao, wakaipapasa kwa viganja hadi ikarudi mraba, wakaibana kwa pini, wakaielekezea feni. Ilipokauka Bi Rula akapita na pasi yake, bandika, inua. Mishono yangu yote akailaza upya, safu kulia, safu kushoto. Iliyobaki imezidi kidogo akaikata kwa rula na mkasi. Kwangu ilidondoka nyuzi, si zaidi ya hapo. Nilitegemea aibu kubwa zaidi.

Mimi nilipewa kazi ya kidole. Kabla ya kushona miraba miwili pamoja, nishike pale mishono inapokutana niseme kama kuna ngazi, yaani mmoja umepanda juu ya mwenzake. Nikadhani wananipumbaza kama mtoto anayepewa ufagio mdogo. Nikashika pa kwanza. Mshono mmoja umelala kulia, mwenzake kushoto, na pale katikati kila mmoja umeingia ubavuni mwa mwenzake ukatulia. Hakuna ngazi. Hakuna uvimbe. Haisogei hata ukitikisa!

Miaka thelathini na moja sijawahi kushika kitu kama hicho. Nilikishika tena. Nikashika na pa pili na pa tatu, na kwa muda mrefu sikumshuku mtu yeyote. Nilifurahi. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Saa kumi mfarishi ulikuwa umekamilika, na kitambaa cha nyuma, na pindo lake. Binti akautandika sakafuni, akamlaza mtoto juu. Mtoto akarusha miguu. Binti akalia sasa, na mama yake, na mimi nikasema vumbi la uzi linaniingia machoni.

Akauliza, baba, ya kwako ni ipi? Nikaangalia. Sikuitambua hata mmoja! Yote ilikuwa sawa, tisa kwa tisa, pembe kwa pembe. Nikaonyesha ile iliyonyooka zaidi. Mke wangu akakohoa. Bi Rula akasema ndiyo hiyohiyo.

Haikuwa hiyo. Nimechungulia baadaye, haina hata mshono wangu mmoja. Ananilea kwa makusudi gani huyu mama?

Jumapili, 10 Machi

Basi la saa nne. Nimeamka mapema niuone mfarishi peke yangu.

Ulikuwa umekunjwa juu ya begi. Nikaufungua. Kona ya chini kulia ina kikunjo! Kidogo, cha kukunjwa tu, lakini kikunjo ni kikunjo. Mjukuu wangu aende kwa watu na kikunjo, waseme babu yake ni fundi wa aina gani?

Mke wangu alikuwa anaoga. Ufunguo ulikuwa juu ya meza.

Nilipita mara tatu tu. Labda tano. Maji kidogo, uzito kidogo, mbele nyuma. Kikunjo kikaondoka kama hakikuwahi kuwepo. Kona nayo ikaondoka kidogo. Imejaa, imeinuka, imefanya shavu. Nikaibonyeza, ikainuka pembeni. Nikaibonyeza pembeni, ikainuka katikati.

Nikaukunja kona ikiwa ndani. Kituoni nikaukabidhi kwa mikono miwili. Binti akanikumbatia akauweka begani pamoja na mtoto. Mtoto akanishika ndevu kwa mara ya mwisho, akazivuta, nami nikamwacha avute. Basi lilipoondoka nilibaki nimesimama kando, mahali pasipo na mtu.

Bi Rula akaja akasimama karibu yangu. Hiyo ndiyo tabia yake. Amekwenda kwake na rula yake, na nyumba imekuwa kubwa mno.

Jumatano, 13 Machi

Binti amepiga simu. Wamefika salama. Nyumba ni ndogo lakini ina jua.

Anasema mfarishi umetandikwa vizuri, kila mtu anausifu. Isipokuwa kona moja imevimba, hailali hata wafanyeje. Nikashusha pumzi, nikajiandaa kusikitika pamoja naye. Lakini akaendelea. Mtoto ameikamata kona hiyo. Anaishika kwa ngumi nzima na kulala nayo. Wakigeuza mfarishi, analia mpaka kona irudi. Hataki upande mwingine. Akataka kujua kona hiyo ni kazi ya nani.

Mama yake akasema atamwuliza mdogo wake. Akampigia, akamwuliza. Bi Rula akajibu bila hata kufikiri kwamba hiyo ni kona ya shemeji, na kwamba alisikia mvuke Jumapili asubuhi akiwa amelala chumba cha nyuma.

Alisikia! Akanyamaza! Siku tatu! Nilijua tangu mwanzo kwamba huyu mama ananichunguza.

Lakini hayo baadaye. Jambo la msingi limethibitishwa na shahidi wa miezi minne ambaye hajafundishwa na mtu. Miraba kumi na sita ya kubandika na kuinua, na mtoto amechagua mahali pamoja tu palipopigwa pasi ya kiume. Sasa nani alikuwa sahihi?

Nimeshakata viraka vya mfarishi wa pili, nitampelekea mjukuu. Huu utakuwa na kona kumi na sita. Muuza vifungo ameniazima pasi ya mkaa ya marehemu mama yake. Tumeibeba watu wawili.